Mawe ya shimo la choo: nilivyoanza upya na tangi la maji ya chumvi

Siku ya nne jirani wa ukuta wa pili alibisha hodi, akauliza kama paka wetu ameingia darini akafia huko. Hatuna paka. Nikamwambia nitaangalia, nikarudishia mlango kabla uvundo haujamfikia sawasawa. Sebuleni, hapa Makorora, Tanga, kulikuwa na tangi la kioo la lita 216 lenye maji meupe kama uji wa mchele, na ndani yake mawe ya kilo 30 na ushee niliyoyatoa baharini kwa mikono yangu. Samaki wote watatu walikuwa wameshakufa. Binti yangu aliwazika chini ya mpapai, na jioni ile hakula.

Mimi ni fundi friji. Pampu nazijua, umeme naujua, joto na baridi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nikaona tangi la samaki wa baharini litanishinda nini? Tena niko Tanga, bahari ninaifikia kwa baiskeli. Watu wa Dodoma ndio wahangaike.

Nilichokuwa nimesoma kwenye simu, kwa harakaharaka, ni kwamba tangi la maji ya chumvi linahitaji "mawe hai". Jiwe lenyewe halina uhai. Ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, chokaa tupu, yenye matundu nje na ndani kama mkate wa kumimina. Kilicho hai ni wapangaji wake. Juu ya ngozi ya jiwe, kwenye maji yanayotembea, kuna bakteria wanaokula amonia inayotoka kwenye taka za samaki na chakula kilichobaki. Wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wenzao wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Ndani kabisa ya matundu, ambako hewa ni haba, wapo wengine wanaoivunja nitrati ikawa gesi ya naitrojeni, ikapanda juu na kwenda zake. Kwa hiyo jiwe ndilo ini na figo za tangi. Mimi nililielewa kama pambo.

Basi nikasubiri bamvua. Maji yalipokupwa mpaka mwamba ukawa nje, nikaingia na viatu vya plastiki, karai na viroba viwili. Niliyachagua mawe kama mtu anayechagua kanga dukani: hili lina sifongo la rangi ya chungwa, hili lina vishada laini vinavyocheza, lile lina kijani kinachong'aa. Kumbe kila kilichonivutia ndicho kilichokuja kuoza. Sifongo ukilitoa majini kidogo tu, hewa inaingia kwenye vijitundu vyake na mara nyingi haliponi. Mimi niliyafunga mawe kwenye viroba, nikayapakia nyuma ya baiskeli, na njiani mteja akanipigia simu kwamba friji yake ya soda haigandishi. Nikapitia huko. Viroba vikakaa juani karibu saa tatu.

Usiku ule nikayapanga tangini, nikawasha pampu, nikaita familia. Palipendeza, sikatai. Kesho yake asubuhi nikawatia samaki niliowanunua kwa watega dema, kangaja wadogo wawili na kitatange mmoja. (Kangaja hakufai tangi la lita 216 hata kidogo, anakua na anataka nafasi ya kuogelea. Hilo nalo nililijua baadaye.)

Siku ya pili sifongo la chungwa lilikuwa limegeuka kijivu, lina utando kama maziwa yaliyokatika. Usiku nilimulika kwa tochi ya simu. Minyoo mirefu yenye nywele pembeni ilikuwa imetoka nusu mwili kwenye matundu, inaning'inia tu. Kaa mdogo, mwenye gamba la ukubwa wa shilingi mia, alikuwa amepanda jiwe la juu kabisa mpaka mgongo ukatoka nje ya maji. Nilimtazama kwa muda. Alikuwa akikimbia maji yale, lakini hapakuwa na pa kukimbilia. Hata hapo sikuelewa. Nilidhani anatafuta chakula, nikamtupia kipande cha dagaa, yaani nikaongeza uozo juu ya uozo.

Amonia hiyo. Kila kiumbe kilichokuwa kinakufa ndani ya mawe kilikuwa kinaitoa, na sikuwa na kipimo hata kimoja. Tena amonia ni kali zaidi maji yakiwa na joto na yakielekea upande wa nyongo kuliko wa ndimu, yaani alikali kuliko asidi, kama yalivyo maji ya bahari. Ilikuwa Februari, kaskazi, na tangi langu lilikuwa nyuzi 32.

Ami yangu ndiye aliyenivua nguo. Ni mzee, alivua ngalawa miaka mingi, siku hizi anakaa barazani na kisanduku chake cha tambuu. Alikuja kusalimia, akasimama mlangoni.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umeleta mwamba nyumbani?"

"Mawe tu, ami."

"Mawe." Akainama kwenye kioo. "Sisi tulikatazwa kutia nanga juu ya haya. Wenzetu wakayapiga baruti, na wazee wetu waliyachoma tanurini wakapata chokaa ya kupakia nyumba. Sasa na wewe umekuja na karai. Kibali unacho?"

Sikuwa nacho. Sikuwa nimewaza kwamba jiwe linahitaji kibali. Kesho yake nikaenda kwa Bwana Samaki, yaani afisa uvuvi, nikajisema mwenyewe, nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Hakunipiga faini, alinipiga somo, na nilipendelea faini. Tanga tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, inayoanzia kaskazini ya mlango wa mto Pangani na kupita mbele ya jiji letu hili. Mle huchukui kitu kwa kuwa umekipenda. Hata mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ule wa CITES, unayahesabu mawe hai pamoja na matumbawe magumu, hata kama jiwe halina tumbawe hai juu yake. Tumbawe la mviringo, lile kubwa linalofanana na kichwa, huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka. Mimi nilibeba kilo 30 kwa asubuhi moja.

Nauliza sasa, na nimejiuliza sana: kwa nini tuliokaa pwani ndio tunaoona bahari haina mwenyewe? Mtu wa bara angeuliza kwanza.

Nililimwaga tangi, nikaliosha, likakaa tupu miezi miwili. Hesabu mpaka hapo: kioo na meza shilingi 420,000, pampu mbili 90,000, samaki 45,000, bila kutaja udi alioufukiza mama watoto wiki nzima. Yeye alishauri tutie nguo za mtoto ndani ya lile tangi, liwe kabati.

Niliporudi kusoma, mara hii nilisoma taratibu, nikagundua kitu ambacho kingeniokoa tangu mwanzo. Huhitaji mawe yawe hai siku unayoyaweka. Jiwe kavu la chokaa, lenye matundu ya kutosha, litakuwa hai lenyewe ukilipa mbegu na muda. Wafugaji wengi huko nje siku hizi ndivyo wanavyofanya, kwa sababu jiwe kavu haliji na mizoga, haliji na wageni usiowajua, wala halitoki mwambani.

Na jiwe kavu la matumbawe, jamani, ndilo tulilolikalia. Nyumba nyingi za pwani hii zimesimama juu ya mwamba wa kale uliokuwa chini ya bahari zamani sana. Nina rafiki Mwambani, jina lenyewe linasema, alikuwa anachimba shimo la choo. Shimo jipya, halijatumika, msinicheke. Mafundi walikuwa wanatoa mabonge na kuyarundika kando. Nikamwomba, akaniambia nichukue hata yote, ananipunguzia gharama ya kuyahamisha.

Hapo ndipo nilipojifunza kuchagua. Jiwe zuri ukilinyanyua linakushangaza kwa wepesi, unajiandaa kwa kilo tano unakuta tatu. Nililimwagia kila moja kikombe cha maji: linaloyanywa mara moja lina njia ndani, linaloyaacha yateleze ni gumu kama la barabara, hilo weka kando. Nikadondosha na siki, likitoa povu ni chokaa. Yenye michirizi ya kutu nikayaacha, na yenye udongo mwekundu ulioshikamana nikayaacha. Mawe ya kuta za zamani zilizobomolewa nilipewa bure pia, nikayakataa, kwa sababu hujui rangi gani ilipakwa na nani, wala saruji gani imo ndani. Sikutaka vipande vidogovidogo vya kujaza. Nilitaka vichache vikubwa, vyenye mikono na mapango.

Kiasi? Zamani ilikuwa ikisemwa kama kilo 1 kwa kila lita 8 za maji, ambayo kwangu ingekuwa kilo 27. Nilitia 18, kwa kuwa mawe yalikuwa mepesi na nilitaka maji yapite nyuma na chini. Sijajuta.

Kuyasafisha kulichukua muda kuliko nilivyotaka. Brashi ngumu, maji, brashi tena. Kisha siku tatu kwenye pipa la maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu 1 kwa 10, nje ya nyumba na watoto mbali. Nikasuuza, nikayaanika juani wiki nzima mpaka harufu ikaisha kabisa. Halafu nikayaloweka maji baridi, yasiyo na chumvi, wiki tatu, nikibadilisha kila baada ya siku chache, kwa sababu mawe ya ardhini hubeba fosfeti, na fosfeti ni mbolea ya mwani. Hata hivyo haikutoka yote.

Mbegu ilitoka Dar. Jamaa mmoja anayefuga miaka mingi alinipa jiwe la ukubwa wa ngumi kutoka tangi lake la zamani, la zambarau kama limepakwa rangi. Nilidhani nitalisafirisha ndani ya ndoo ya maji. Akanikatalia. Maji yaliyosimama bila hewa yangeharibika kabla sijafika Segera. Alilifunga kwa magazeti yaliyolowa maji ya bahari, tabaka tano, akalitia kwenye sanduku la kuhifadhi baridi. Kondakta alitaka kuliweka kwenye buti, nikamwambia hii ni dawa ya mgonjwa. Nililipakata saa zote sita za barabarani.

Kabla ya kuyaweka mawe nilitandika chini ya tangi mbao mbili za plastiki za kukatia mboga, mawe yakakaa juu yake, ndipo nikamwaga mchanga kuzunguka. Mara ya kwanza nilitanguliza mchanga. Samaki na kamba wanaochimba huutoa mchanga chini ya jiwe kidogokidogo, na siku moja mnara unaangukia kioo. Mawe ya juu nikayafunga kwa tai za plastiki. Na kwa mnaotaka kujitengenezea tangi: silikoni iwe ile ya kawaida, si ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo haibagui ukungu na samaki.

Sasa maji. Bahari ya bure nayo ina masharti. Nilikuwa nikichota mahali palipo karibu, mpaka masika ilipoanza na mto Zigi ukamwaga matope ghubani. Kipima chumvi kikanionyesha 1.019, yaani chumvi imepungua, wakati ninayoitaka ni 1.025. Tangu hapo nachota maji yakijaa, mbali na bandari na mifereji, na mvua zikikaza sichoti kabisa, natumia akiba. Nayachuja kwa kitambaa, nayaweka wiki mbili kwenye mapipa yenye vifuniko gizani.

Kosa lililoniuma zaidi ni la kiufundi, na lilinipata nikiwa na kiburi cha ufundi. Nilifunga feni juu ya tangi kupunguza joto. Ilisaidia, ikashusha nyuzi 3, lakini maji yakawa yanapotea lita 3 kwa siku. Yanayopotea ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia kwa maji baridi, si ya bahari. Ya bomba yana klorini. Nikawaza, mimi fundi friji, kila siku naona viyoyozi vinadondosha maji safi kama ya mvua, nayaacha yamwagike! Nikakinga dumu zima ofisini kwa mteja. Wiki mbili baadaye konokono wangu sita walikuwa wamelala chali. Koili ya kiyoyozi ni mabomba ya shaba. Shaba kidogo sana, ambayo samaki huenda asiihisi, inaua konokono, kamba na kila kisicho na uti wa mgongo, na mawe ya chokaa huinyonya na kuitunza. Mimi ninayechomelea mabomba hayo kila siku nisilifikirie hilo! Sasa najazia maji ya kunywa ya madumu ya lita 20. Maji ya mvua nayo msiyaamini kama yamepita kwenye bati.

Vipimo niliagiza Dar, shilingi 160,000 kwa vya amonia, nitriti na nitrati. Nikaweka jiwe la Dar katikati ya mawe ya Mwambani, nikatia kamba mmoja mbichi wa sokoni aoze, awe chakula cha bakteria. Samaki hapana. Kila usiku nikawa naandika kwenye daftari la kazi, katikati ya hesabu za gesi na kompresa. Siku ya 6 amonia 1 (miligramu kwa lita). Siku ya 11 amonia 4. Siku ya 17 ikaanza kushuka na nitriti ikapanda mpaka rangi ya kipimo ikapita ile ya mwisho kwenye kadi yake. Siku ya 30 nitriti bado. Mama watoto akauliza lini tutaona samaki, maana tangi la maji na mawe meupe lilikuwa linafanana na sinki lililoziba. Siku ya 43 vyote viwili sifuri, nitrati 20. Nikabadilisha robo tatu ya maji.

Katikati hapo mawe yaligeuka ya kahawia, kama yamemwagiwa unga wa kakao, kisha yakaota manyoya ya kijani. Nilitaka kuyatoa niyasugue. Jamaa wa Dar akaniandikia neno moja: "Acha." Nikapunguza saa za taa kutoka 10 hadi 6, nikaongeza konokono wapya, yakapungua yenyewe.

Jiwe la Dar lilikuja na abiria. Kiua kidogo cha kahawia kinachong'ata, hakifiki kucha, chenye mikono kama nyuzi. Nilikiona nikachukua kisu nikakikwangua. Baada ya wiki tatu nilihesabu kumi na moja. Kila kijipande kilichobaki kinaota upya, na nilikuwa nimewasha pampu, kwa hiyo nilivisambaza vizuri tu kila kona.

Dawa yake ni chokaa iliyozimwa, safi, iliyokorogwa kuwa uji mzito, unazima pampu na kukimiminia mdomoni kwa bomba la sindano. Nikatafuta chokaa safi mjini, ya ujenzi nikaiogopa. Siku ile ami yuko kwangu, anapaka tambuu lake. Nikatazama kidole chake.

"Ami, hiyo chokaa yako ina nini ndani?"

"Chokaa ina nini? Ina chokaa."

Tulihakikisha haikutiwa manukato. Akanimegea kiasi cha kijiko. Nilimshikisha tochi, nikaviziba viwili kwanza, kesho yake viwili tena, kwa kuwa chokaa nyingi kwa mpigo inaharibu maji. Kila kimoja kilijikunja, kikafunikwa kama kimejengewa. Ami alifurahi mno. Alikuwa anakuja kila jioni na kisanduku chake, "tukapigane."

Umeme ukikatika, bakteria na viumbe wa kwenye mawe wanabanwa pumzi kama samaki. Nina pampu ya hewa ya betri, inanifikisha asubuhi. Kabla sijainunua nilikaa macho usiku mmoja nikichota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, jagi baada ya jagi, mpaka saa kumi alfajiri.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu nianze upya. Nina samaki wawili wadogo, kamba mmoja, konokono wa kutosha. Yale mawe ya kwanza, yaliyokwisha kufa, nilimpelekea Bwana Samaki aseme yawe ya nini, tukayarudisha majini alikoelekeza.

Wiki iliyopita binti yangu aliniita, ameweka kidole kwenye kioo. Kwenye jiwe la chini upande wa kushoto, la Mwambani kabisa, kuna doa la waridi la ukubwa wa kucha yake, gumu, limeshika. Ni mwani wa chokaa, ule uliolipa jiwe la Dar rangi yake, umehama kutoka huko. Nikamwita ami. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, akitafuna.

"Hili ndilo la chooni?"

"Ndilo, ami."

Akacheka mpaka ikabidi atoke nje kutema.